Nani Ndiye 'Sisi'? Usimulizi wa Historia ya Ulimwengu katika Maps of Time

Utangulizi

Kila jamii ina masimulizi yanayoeleza asili ya mbingu, ardhi, viumbe na watu. Wanafasihi huyaita visasili. Wanahistoria, kwa upande wao, wameyaacha nje ya uwanja wao kwa muda mrefu, kwa hoja kwamba historia huanza pale maandishi yanapoanza. Mpaka huo ndio aliouvuka David Christian, mtaalamu wa historia ya Urusi, alipoanzisha kozi katika Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, mwaka 1989. Kozi hiyo ilianza na mlipuko mkuu uliozaa ulimwengu na kuishia katika zama zetu. Mwaka 1991 aliutetea mkabala huo katika makala na kuupa jina linaloweza kufasiriwa kama Historia Kuu. Mwaka 2004 akachapisha Maps of Time, kitabu ambacho utangulizi wake unauliza waziwazi iwapo kazi ya namna hii si kisasili cha uumbaji cha kisasa.

Kwa kulikaribisha jina la kisasili, kitabu hiki kimejileta chenyewe mbele ya mhakiki wa fasihi. Usahihi wa tarehe zake ni suala la wanafalaki, wanajiolojia na wanabiolojia. Makala haya yanashughulikia suala jingine: anayesimulia ni nani, anasimama wapi, na anaposema 'sisi' anamkusudia nani?

Msuko na Wakati

Katika Metahistory (1973), Hayden White alidai kwamba mwanahistoria hayakuti matukio yakiwa na umbo la hadithi. Yeye ndiye huyapa umbo hilo. Umbo analolichagua Christian ni la kukua kwa uchangamano. Hidrojeni na heli zinakusanywa na mvutano na kuwa nyota. Nyota zinapokufa zinatawanya elementi nzito. Elementi hizo zinaunda sayari. Katika sayari moja uhai unazuka. Na katika uhai anatokea binadamu. Msomaji wa haraka ataiona hapa hadithi ya maendeleo, yenye kilele kilichokusudiwa tangu mwanzo. Usomaji huo haukitendei haki kitabu. Christian anasisitiza kwamba kila umbo changamano hudumu kwa kula nishati, na kadiri lilivyo changamano ndivyo lilivyo dhaifu. Msuko wake una mbegu ya tanzia ndani yake: kinachojengwa hujengwa kwa gharama, na hakuna kinachodumu.

Mbinu inayovutia zaidi ni ile ya kuufupisha wakati. Miaka bilioni 13 hivi inageuzwa kuwa miaka 13. Kwa kipimo hicho, dinosaria walitoweka wiki 3 zilizopita, binadamu wa leo ana umri wa dakika 50 hivi, kilimo kina dakika 5, na jamii za viwanda zina sekunde 6 tu. Mbinu hii inafanikiwa kumnyenyekeza msomaji. Hata hivyo, ufupishaji si kitendo kisicho na itikadi, kwani humpa msimulizi umbali, na umbali hupunguza sauti. Kwa kipimo hicho hicho, Utendi wa Tambuka (1728) uliandikwa sekunde 9 zilizopita, na biashara ya watumwa iliyovuka Atlantiki ilidumu sekunde zipatazo 12. Kinachopimwa kwa sekunde hakiwekewi matanga.

Mhusika na Nafsi

Kiini cha maelezo ya Christian kuhusu binadamu ni dhana ya ujifunzaji wa pamoja: kwa sababu ya lugha, maarifa ya mmoja huwa ya wengi na hurithiwa na kizazi kijacho. Wanafasihi wana kila sababu ya kuipokea dhana hii kwa furaha, maana inaifanya lugha kuwa injini ya historia. Lakini lugha inayozungumziwa ni ghala zaidi kuliko mazungumzo. Inahifadhi ujuzi wa moto, wa mbegu na wa chuma; si lugha ya kejeli, ya maombolezo au ya mabishano. Ongezeko la watu na matumizi ya nishati ndivyo vipimo vya mafanikio yake.

Athari ya vipimo hivyo inaonekana katika nafasi ya Afrika. Katika sura za asili ya binadamu, bara hili ndilo jukwaa. Mifupa ya kijana wa Nariokotome, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu magharibi mwa Ziwa Turkana mwaka 1984, ni miongoni mwa ushahidi mkuu wa hadithi hiyo duniani. Watu wakishatawanyika, dunia inagawanywa katika kanda nne, na Afrika inaingizwa katika kanda ya Afrika-Ulaya-Asia. Uainishaji huu una faida yake: unavunja dhana ya Sahara kama ukuta na kutambua mawasiliano ya kale. Hasara yake ni kwamba ndani ya kanda hiyo uzito unafuata miji na idadi ya watu, na bara lililokuwa mhusika mkuu linageuka kuwa sehemu ya mandhari.

Inafaa kuilinganisha nafsi hii ya wingi na ile ya Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi. Dzombo naye anavuka anga na kufika sayari ambayo jina lake, likichambuliwa, ni 'wale ni sisi'. Mkangi anautumia umbali wa anga ili kuuhukumu udhalimu wa duniani; 'sisi' yake inapatikana baada ya kuhoji mahusiano ya mtawala na mtawaliwa. 'Sisi' ya Christian hutolewa na biolojia kabla ya swali lolote kuulizwa. Tofauti hii ina uzito mkubwa pale binadamu anapotajwa kuwa tishio kwa mazingira ya dunia. Mfugaji wa Turkana na mmiliki wa kiwanda ni spishi moja, lakini si washtakiwa walio sawa. Dipesh Chakrabarty, katika makala yake ya mwaka 2009 kuhusu historia na tabianchi, alionyesha jinsi ilivyo vigumu kuishika mizani hii: historia ya spishi na historia ya ubepari zinahitajiana, wala hakuna inayoweza kumezwa na nyenzake.

Hitimisho

Mwaka 1979 Lyotard alitangaza kwamba masimulizi makuu yamepoteza imani ya watu. Hata hivyo, asiyesimulia asili ya ulimwengu husimuliwa katika hadithi ya mwingine. Kwa hiyo Historia Kuu haistahili kutupwa. Inastahili kusimuliwa upya, kwa Kiswahili pia, na msimulizi anayekiri mahali aliposimama: mwenye kuhesabu mabilioni ya miaka bila kusahau kwamba ndani ya sekunde 12 wamo watu waliokuwa na majina.