Magurudumu ya Kukodi

Kuna video ya sekunde arubaini hivi ambayo nimeitazama kuliko filamu yoyote mwaka huu. Mama yangu, mchumaji chai mstaafu kutoka upande wetu huu ambapo Kericho inapakana na Bomet, amekalia skuta ya umeme ndani ya bustani moja kubwa ya burudani karibu na Orlando, Florida. Dada yangu anayeishi huko aliikodi kwa siku moja kwa sababu magoti ya Mama hayangeweza kuimaliza hata robo ya ile bustani. Mama amejifunga kitambaa kichwani, mkoba umelala kwenye kikapu cha mbele, na anaenda. Hakuna anayemshika mkono. Anapiga honi, anacheka, anampita dada yangu mwenye miguu mizima na kumwacha nyuma akiita, "Mama, pole pole!"

Kwenye grupu ya familia sote tuliandika kitu kimoja: Gogo amerudi ujanani. Lakini kilichonikaa rohoni ni alichoniambia aliporudi nyumbani, tukiwa jikoni. "Jioni unairudisha pale langoni. Wanachukua ufunguo, na wewe unarudi kuwa mzee."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha kwa *Benda Bilili!*, filamu ya hali halisi ya mwaka 2010 iliyotengenezwa na Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de la Tullaye. Inahusu Staff Benda Bilili, bendi ya Kinshasa ambayo wanamuziki wake wengi walipatwa na polio utotoni na huendesha baiskeli za magurudumu matatu. Nilipoiona mara ya kwanza niliipenda jinsi karibu kila mtu alivyoipenda: maskini, walemavu, wasio na makao, halafu jukwaa la Ulaya na makofi. Nilitoka nimetiwa moyo. Sasa nimeirudia, na naona nilikuwa nimetazama kitu kisicho chenyewe.

Kitu chenyewe ni zile baiskeli. Si za kiwandani. Zimeungwaunga kwa vyuma, nyingine zina umbo la pikipiki, na kila moja inafanana na mwenyewe kuliko inavyofanana na ya jirani. Ricky Likabu, kiongozi wa bendi, hakai juu ya yake kama mgonjwa aliyewekwa pale. Anakaa kama dereva wa matatu aliye kazini. Kamera nayo inashuka hadi kimo chake, kwa hiyo tunaiona Kinshasa kwa macho ya mtu ambaye shimo la barabarani kwake ni jambo la kuamua siku. Hapo ndipo filamu ina nguvu zake zote.

Na kuna bustani pia. Bendi ilifanya mazoezi katika uwanja wa hifadhi ya wanyama ya Kinshasa, na sehemu kubwa ya albamu yao ya 2009, *Très Très Fort*, ilirekodiwa humo humo, nje, hewani. Ukiweka picha hiyo kando ya video ya Mama, tofauti inajitokeza yenyewe. Mama aliingia bustani iliyomwandalia kila kitu: njia laini, miteremko ya saruji, betri iliyojaa, mhudumu mwenye tabasamu. Wale wa Kinshasa waliingia bustani ambayo haikuwaandalia lolote, wakaja na magurudumu yao, wakaigeuza kuwa mahali pa kazi. Jioni hakuna aliyewadai ufunguo.

Lakini tusidanganyane. Sisemi kwamba umaskini ni bora kuliko njia laini. Yeyote anayetazama filamu hii na kuhitimisha kwamba ubunifu wa maskini unatosha, hebu aje aendeshe baiskeli ile huku kwetu baada ya mvua ya saa tisa, kwenye kilima cha udongo mwekundu. Nusu saa tu, halafu tuongee.

Kosa la filamu, kwangu, liko mwishoni. Inapofika kwenye safari ya Ulaya, inaanza kukimbia: ndege, hoteli, jukwaa, umati. Barabara ya Kinshasa, iliyokuwa mhusika mkuu, inaachwa nyuma kana kwamba ilikuwa kikwazo tu cha kuvukwa ili tufike kwenye makofi. Historia ilikuja kuusahihisha mwisho huo. Mwaka 2013 bendi iligawanyika. Coco Ngambali na Theo Nsituvuidi walikuwa wameondoka, na baadaye wakatoa albamu *From Kinshasa* wakiwa na Mbongwana Star. Ushindi wa jukwaani nao ulikuwa wa kukodi. Jioni uliwarudisha langoni.

Nilimwonyesha Mama filamu hiyo kwenye laptopu. Lingala haisikii, na maandishi ya chini yalimpita mbio, hivyo akawa anatazama tu. Kwenye muziki alitikisa kichwa. Kisha wakatokea vijana wa mtaani wanaosukuma zile baiskeli, akaninyamazisha kwa mkono.

"Weri, huyo anayesukuma, analipwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma tahakiki kadhaa za filamu hii na sikumbuki hata moja iliyouliza hivyo. Mama aliuliza kwa sababu miaka ishirini na saba alibeba kikapu mgongoni na kulipwa kwa kilo. Anajua kwamba kila kitu kinachopanda mlima kinapandishwa na mtu.

Ndiyo maana naona filamu hii inatuhusu sisi wa nchi ya chai kuliko tunavyodhani. Hapa kwetu tunaijua mashine. Mwezi wa Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai Kericho, kwa hasira ya kazi zilizopotea. Mashine iliyokuja kuchukua nafasi ya mikono ilifika upesi, na barabara yake ikapatikana. Ile ya kuchukua nafasi ya magoti yaliyomalizwa na kazi hiyo hiyo bado tunaitazama kwenye video. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Ni maneno mazuri. Mama hajafika kanisani tangu Pasaka, na kanisa linaonekana kutoka mlangoni petu.

Itazameni *Benda Bilili!*, ila msiitazame ili mtiwe moyo. Tazameni vyuma, matairi, na mikono inayosukuma.

Wiki iliyopita nilimwita fundi wa kuchomelea kutoka sokoni. Alitazama picha nilizozisimamisha kwenye filamu, akakuna kidevu, akasema inawezekana, ila itataka breki mbili kwa sababu ya huu mteremko. Mama akamwambia aongeze kikapu mbele. Kisha fundi akapima lango letu na kugundua ni jembamba, haitapita. Kwa hiyo tutaanza na lango.