Mkasi Mbele ya Jua

Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza huja mvua zikiwa bado zinanyesha, yapata Februari na Machi. Ya pili huja kiangazi kimekolea, Agosti hadi Septemba. Mmea ni uleule na udongo ni uleule, lakini mavuno hayo mawili hayafanani. Ya wakati wa mvua huwa na maji mengi na magonjwa mengi. Ya kiangazi huwa na sukari, rangi na harufu. Anayetaka kuelewa jinsi joto linavyojenga mvinyo mtamu na mzito, wa ukoo wa ule unaoitwa port kwa jina la mji wa Porto nchini Ureno, hana haja ya kuanzia Ulaya. Kutoka Dar es Salaam, somo lenyewe liko kwenye reli ya kati, bara zaidi, baada ya Morogoro.

Mji wa Dodoma uko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100. Mvua yake ni haba, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo anga hutakata kwa miezi mingi. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya mji, na kutoka huko kilimo hicho kikaenea hadi Mpunguzi, Mvumi, Hombolo na Chinangali. Wagogo, wafugaji wa siku nyingi, walikuwa na kitu ambacho udongo wa kichanga wa nchi yao ulikihitaji kuliko chochote: samadi. Leo kituo cha utafiti cha Makutupora kimelipatia zao hilo aina yake maarufu ya zabibu nyekundu, Makutupora Red, inayolimwa pamoja na aina za kigeni kama Chenin Blanc na Syrah.

Tofauti kubwa kati ya mzabibu wa Dodoma na ndugu zake wa Ulaya ni usingizi. Ureno, baridi ya Desemba hupukutisha majani na kuulaza mmea. Joto la Machi huuamsha, na kutoka hapo safari ni moja tu hadi mavuno ya Septemba. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ukiachwa peke yake, huchipua ovyo, tawi hili likiwa na maua na lile likiwa na zabibu zilizoiva. Kinachoupa mpangilio ni mkasi. Mkulima anapopogoa, macho yaliyobaki kwenye tawi huchipua kwa pamoja, hutoa maua kwa pamoja, na baada ya takriban miezi minne vishada huwa tayari. Mpogoaji ndiye anayeanzisha msimu. Ureno mtu husubiri mwaka umletee joto zuri. Dodoma mtu huchagua joto ambalo zabibu zake zitakutana nalo. Hapo ndipo ulipo ufundi wa nchi hii, nao unastahili sifa kubwa kuliko inayopewa.

Ili kuona uzito wa uchaguzi huo, inafaa kufuata kinachotokea ndani ya tunda. Kwa wiki za mwanzo punje ya zabibu ni ngumu, ya kijani na kali kwa asidi. Kisha hulainika, hubadilika rangi na kuanza kupokea sukari ambayo majani huitengeneza kwa nuru ya jua. Wakati huohuo joto hupunguza ukali, kwa sababu tunda huchoma asidi ya maliki kadiri siku zinavyokuwa na jua kali. Asidi ya tartariki hustahimili zaidi na ndiyo inayobaki kuupa mvinyo uhai. Ganda nalo hukusanya rangi na tanini, kile kinacholeta ukakasi mdomoni. Mbegu, zilizokuwa chungu, hukauka na kuwa kahawia.

Lakini faida ya joto ina mpaka. Likipita nyuzi 35 hivi, majani hufunga matundu yake yasipoteze maji, na utengenezaji wa sukari hudorora. Rangi ya ganda hufifia. Punje zilizo upande wa jua huungua. Zikibaki mtini kupita kiasi hunyauka, na mvinyo wake huwa na ladha iliyopikwa ya zabibu kavu za kutia kwenye pilau: tamu, lakini isiyo na uchangamfu. Kinachotakiwa ni mchana wa jua unaofuatwa na usiku wa ubaridi, ili sukari ipande bila asidi kuteketea na rangi ipate nafasi ya kukaa.

Dodoma ina joto la namna tatu. La kwanza ni la mvua: vuguvugu lenye mawingu na unyevu, ambalo magonjwa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya hulipenda kuliko zabibu zenyewe. La pili ni la kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kipupwe na baada yake: jua kali bila wingu, upepo mkavu unaokausha vishada, na usiku unaoweza kushuka hadi karibu nyuzi 13 katikati ya mwaka. La tatu ni la Oktoba na Novemba, kali kuliko yote, kabla ya mvua kurudi. Anayepogoa mwishoni mwa mvua huzielekeza zabibu zake moja kwa moja kwenye joto la pili, na huzivuna kabla la tatu halijazifikia. Akichelewa, hupoteza maji yaliyohifadhiwa ardhini na kuingia kwenye ukali wa Oktoba. Akiwahi mno, maua hukutana na mvua za mwisho. Uamuzi huo hufanywa bila mbwembwe, shambani, na mtu aliyeisoma mvua ya mwaka huo kwa macho yake.

Bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, ambako zabibu za port hulimwa, linapata joto lake kwa njia nyingine. Milima ya Marão huzuia mvua ya Atlantiki, na jua la kiangazi huangukia miteremko ya mawe ya shisti yaliyopasuka, ambayo mizizi hupenya kwa meta nyingi kutafuta maji. Mipaka ya eneo hilo iliwekwa mwaka 1756, miongoni mwa ya kwanza kuwekewa zao la mvinyo duniani. Si kila mwaka unaofaa. Watengenezaji hutangaza mvinyo wa mwaka mmoja mahsusi pale tu wanaporidhika na mavuno, na kwa kawaida ni miaka michache katika kila kumi. Miaka ya 1945, 1963, 1994 na 2011 ni kati ya iliyoingia kwenye kumbukumbu. Mwaka 2017 ulikuwa wa joto na ukame hata mavuno yakaanza mapema kuliko kawaida, punje zikiwa ndogo na ganda nene, ukatangazwa pia. Kumbe hata huko kinachotukuzwa ni ukame uliokuja kwa kipimo.

Kazi ya kiwandani huonyesha kwa nini zabibu hazina budi kuwa kamili. Zabibu zikishapondwa hutoa mchuzi, na chachu huigeuza sukari ya mchuzi kuwa kilevi. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo mchuzi wenye gramu 240 ungefika asilimia 14 kama ungeachwa uchachuke hadi mwisho. Mvinyo wa port hauachwi. Baada ya siku mbili au tatu, sukari ikiwa imebaki karibu nusu, humiminwa spiriti ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, sehemu moja kwa nne za mchuzi. Chachu hufa papo hapo. Kinachopatikana huwa na kilevi cha takriban asilimia 20 na gramu mia moja hivi za sukari kwa lita, sukari ileile iliyotengenezwa na jua.

Muda huo mfupi ndio mtihani. Mvinyo mwekundu wa kawaida hukaa na maganda kwa wiki moja au zaidi, ukinyonya rangi polepole. Huu una siku mbili au tatu tu. Ndiyo maana Douro bado kuna wanaokanyaga zabibu kwa miguu kwenye mabirika ya mawe, wakisukuma kwa saa nyingi ili maganda yatoe yote bila mbegu kupasuka. Rangi ambayo haikujengwa shambani haiwezi kupatikana hapo. Kwa sababu hiyohiyo, kiwanda kinachonunua zabibu kwa uzito pekee humshawishi mkulima auze maji. Kinachopima sukari kabla ya kulipa huheshimu mkasi wake. Na kwa kuwa zabibu zilizokatwa huanza kuchacha zenyewe juani, uvunaji hufanywa mapema asubuhi, na safari kutoka shambani hadi kwenye tangi inapaswa kuwa fupi.

Mvinyo wa mwaka uliotangazwa hukaa kwenye pipa kwa miaka miwili hivi, kisha hutiwa kwenye chupa pamoja na masimbi yake na kuzeeka humo kwa miongo. Ukakasi huungana na rangi, huzama chini, na ladha ya matunda mabichi hugeuka kuwa ya tini na viungo. Hili linahitaji giza, utulivu na ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15. Mji wa pwani kama Dar es Salaam hautoi hayo bure. Katika ghorofa ya Upanga au kwenye rafu ya duka la Kariakoo, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, chupa huzeeka mbio: rangi hugeuka kahawia, kizibo husukumwa na mvinyo unaotanuka, na kazi ya msimu mzima hupotea bila mtu kuonja. Chupa ya kuweka miaka mingi inahitaji chumba au kabati lenye baridi isiyobadilika, na ilazwe ili kizibo kisikauke. Mvinyo mtamu wa Dodoma usiokusudiwa kuzeeka ununuliwe mbichi, uwekwe mbali na dirisha, unywewe ukiwa umepozwa, na ukishafunguliwa ukae kwenye friji. Joto lina mahali pake katika kazi hii, nalo ni shambani, kabla ya kisu kukata kishada.