Kanda za Redio na Masikio ya Ujiji

Imekuwa desturi kuziita kanda za muziki wa dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam "kazi zisizotolewa". Jina hilo lina ukweli wa dukani tu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilikwenda Nairobi, na mpaka ulipofungwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikaziba. Marijani Rajab na Dar International, Mlimani Park, Maquis: wote waliimba katika studio ya redio, na nyimbo zao nyingi zikabaki katika kanda.

Walakini kwa msikilizaji wa Ujiji kazi hizo zilikwisha kutolewa. Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Santuri iliweza kuchelewa au kutofika kabisa, bali wimbo wa redioni ulisikika huko saa ileile uliposikika Kariakoo. Wala masikio ya mwambao ule hayakuwa mageni. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na rumba ilivuka maji bila kuomba ruhusa. Aliyemsikiliza Marijani huko alikuwa na kipimo chake tayari.

Tukizipima kwa sanaa yenyewe, kanda hizi zina fadhila moja ambayo santuri haikuwa nayo. Santuri ndogo mara nyingi iliukata wimbo vipande viwili: upande mmja kisa, upande wa pili magitaa yaliyochemka. Msikilizaji akainuka kuigeuza, na mahali penyewe pa kuchemka pakapoa. Katika kanda kisa husimuliwa kwa utulivu, waitikiaji wakajibu, kisha magitaa huyapokea mazungumzo yaleyale na kuyakimbiza bila pengo.

Kasoro zipo, na si ndogo. Ngoma huzama, besi hunguruma bila umbo. Ndiyo sababu wahariri hutamani kuzisafisha, hata kuzifupisha. Kuondoa mkwaruzo wa kanda ni halali. Kufupisha ni jambo jingine: ni kuurudisha mkato wa santuri katika kazi iliyoponea chupuchupu. Nyimbo za Mlimani Park zilipotolewa ng'ambo katika miaka ya 1990 zilipata wapenzi wapya, na wastahili pongezi waliozichagua. Ila zilitengwa na sauti ya mtangazaji na salamu za wasikilizaji, na mtu wa Ujiji aliyezisikia zamani angeuliza salamu zake zimekwenda wapi.