Karatasi Isiyo na Jina

Besiboli niliijua ukubwani, tena ugenini. Nilikuwa mwanafunzi katika jimbo la New York, nimepanga chumba kwa mzee mmoja Mmarekani Mweusi aliyestaafu kazi ya reli, na jioni za kiangazi mzee yule hakuwa na mazungumzo mengine. Kanuni za mchezo zilinisumbua kwa muda mrefu. Lililonishika mapema lilikuwa jambo jingine, nalo ni jinsi wachezaji waliostaafu wanavyopigiwa kura ili waingizwe katika Jumba la Mashuhuri, huko Cooperstown.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mchezaji awe amecheza misimu 10 au zaidi katika ligi kuu, kisha awe amestaafu kwa miaka 5. Hapo jina lake laweza kupelekwa mbele ya waandishi wa habari za besiboli waliokuwa wanachama wa chama chao kwa miaka 10 mfululizo. Kila mwandishi huchagua majina yasiyozidi 10. Anayefikisha asilimia 75 ya kura huingia, asiyefikisha asilimia 5 huondolewa, na walio katikati hurudishwa tena mwaka unaofuata. Zamani waliweza kurudishwa hadi miaka 15. Mwaka 2014 ikapunguzwa kuwa 10. Wanaoshindwa huko huweza kufikiriwa baadaye na kamati ndogo.

Sina ugomvi na hesabu hizo. Ugomvi wangu ni na mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, hayafai kukaa chumba kimoja. La kwanza ni kwamba mpiga kura ameagizwa apime, pamoja na uwezo wa mchezaji uwanjani, uadilifu wake na tabia yake. La pili ni kwamba mpiga kura huyo huyo halazimiki kusema alimchagua nani na alimwacha nani.

Tuchukue hilo la tabia. Barry Bonds aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja mara 762, na hakuna mwingine katika ligi kuu aliyefikia idadi hiyo. Lakini alihusishwa na dawa za kuongeza nguvu, na mwaka 2022, ambao ulikuwa wa 10 na wa mwisho kwake mbele ya waandishi, aliishia asilimia 66. Haya, tuseme ni haki. Mbona Bud Selig, aliyekuwa kamishna wa mchezo wakati dawa hizo zilipoenea, aliingizwa mwaka 2017? Mbona Cap Anson, ambaye katika karne ya 19 alikataa kucheza dhidi ya timu zenye wachezaji weusi, yumo tangu 1939? Naye Kenesaw Mountain Landis, kamishna kuanzia 1920 hadi kufa kwake mwaka 1944, enzi ambayo mlango wa ligi kuu ulikuwa umefungwa kwa watu weusi, yumo pia. Nitaambiwa kwamba hao walichaguliwa na kamati, si na waandishi. Ni kweli, lakini jumba ni lile lile.

Sasa tuje kwenye siri. Mwaka 1979, kati ya waandishi 432, wapo 23 ambao hawakumchagua Willie Mays. Mwaka 2020 Derek Jeter alipata kura 396 kati ya 397. Aliyemnyima ile moja hakujitokeza. Mwaka 2025 Ichiro Suzuki naye akapata 393 kati ya 394, akasema kwa utani kwamba angependa kumkaribisha nyumbani kwake huyo aliyemwacha, wanywe pamoja. Hadi kura hiyo ya Ichiro, aliyewahi kupata zote ni mmoja tu, Mariano Rivera, kura 425 kati ya 425 mwaka 2019. Waandishi wengi, ni haki niseme, huzitangaza kura zao kwa hiari, na mwaka 2016 chama chao kiliamua zote zitangazwe. Wenye jumba ndio waliokataa.

Husemwa kwamba siri humlinda mpiga kura. Humlinda na nani? Raia anayechagua serikali ana sababu ya kuificha kura yake, kwa kuwa anayemnyima leo aweza kuwa mtawala wake kesho. Mchezaji aliyestaafu atamfanya nini mwandishi? Na mwandishi ni mtu ambaye riziki yake yote ameipata kwa kuweka jina lake juu ya maoni yake.

Julai 2006 niliketi na mzee wangu mbele ya televisheni. Siku hiyo waliingizwa watu 17 waliotoka katika besiboli ya Weusi ya zamani, wachezaji na viongozi, ambao kamati maalumu ya watu 12 iliwachagua. Wote walikuwa wamekwisha kufa. Buck O'Neil, aliyecheza na kuiongoza Kansas City Monarchs, alikuwa hai, na kamati ilikuwa imemwacha. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyepanda jukwaani kuwasemea wale 17. Alikuwa na umri wa miaka 94. Alicheka, akawafanya watu wote washikane mikono na kuimba. Alifariki Oktoba ya mwaka huo huo, na jumba likamwingiza mwaka 2022.

Mzee wangu hakuimba. Aliuliza tu, "Nani hao waliomkataa?" Sikuwa na jibu.

Msomaji aweza kushangaa kwa nini jambo la watu wa mbali linanikera hivi. Miaka michache baada ya kurudi nyumbani niliwekwa katika kamati ya walimu watano, tumchague mwalimu mmoja wa kutunukiwa kati ya wawili waliokuwa wakistaafu. Tulipewa vikaratasi visivyo na jina. Mmoja wao alistahili kuliko mwenzake, na nilijua hivyo. Lakini aliwahi kunisahihisha mbele ya wanafunzi wangu, tena alikuwa sahihi. Nilijiambia kwamba tabia yake ina kiburi, nikaandika jina la yule mwingine. Kura zikawa tatu kwa mbili.

Jioni ile alinipa mkono na kunishukuru kwa kazi ngumu ya kamati. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na hukutana nami sokoni karibu kila Jumamosi. Nakala ya kitabu hiki nitampelekea mwenyewe.