Mgeni Ushago: Kumsoma Binyavanga Njiani Kwenda Mwingi

Mara ya kwanza nilimsoma Binyavanga Wainaina nikiwa chuo, kwa sababu mwalimu alisema lazima tumsome. Mara ya pili nilimsoma ndani ya matatu, kati ya Matuu na Mwingi, nikielekea kwa kina mama, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu nikiwa darasa la tatu. Mara hii ya pili ndiyo iliyonishika.

Nazungumzia "Discovering Home". Ilitoka kwanza mtandaoni, kwenye G21Net, na mwaka wa 2002 ikashinda Tuzo ya Caine. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa, na 2011 vipande vya safari hiyo vikarudi ndani ya kitabu chake, One Day I Will Write About This Place. Msimulizi anaanzia Cape Town, anarudi kwao Nakuru, anapitia Ukambani na Umasaini, kisha anafika Kisoro, Uganda, ambako jamaa za mamake wamekusanyika.

Kichwa chenyewe ni mtego. Kugundua ni neno la kina Stanley, watu wa kofia na ramani. Nyumbani hakugunduliwi, mtu huzaliwa hapo. Lakini Binyavanga hajaliweka neno hilo mdomoni mwa mzungu. Amejipachika mwenyewe.

Wengi wetu tunamjua zaidi kwa "How to Write About Africa", ile kejeli ya Granta ya 2005. Tunaishea, tunacheka, tunasonga. Ni rahisi kuipenda kwa sababu inawacheka wengine. "Discovering Home" ni ngumu zaidi, maana inatuuliza sisi watoto wa mjini: wewe unaijua nchi yako wapi? Kwa picha za wikendi?

Sehemu ya Mwingi ndiyo niliyoisoma polepole. Anafika huko kwa kazi, mambo ya kilimo cha pamba, akiwa na watu wa ofisi. Kabla hatujajua kinachoendelea, kuna nyama, kuna pombe, kuna dansi. Napenda kwamba hajifanyi mjuzi. Alikuja akidhani ni sehemu kame isiyo na stori, na watu wenyewe wanamsahihisha kwa kuishi tu mbele yake. Nasi tunasahihishwa pamoja naye.

Lakini nina ugomvi naye, tena mdogo mdogo. Wa kwanza ni mwendo. Anapita haraka. Nikifunga ukurasa wa Mwingi nakumbuka muziki kuliko shamba, na yule mkulima wa pamba nabaki nikijiuliza aliamka vipi kesho yake. Hiyo ni tabia ya mgeni yeyote: anakumbuka usiku aliokaribishwa.

Ugomvi wa pili ni lugha. Yeye mwenyewe anaona vizuri jinsi Wakenya tunavyoruka kutoka lugha moja hadi nyingine: Kiingereza cha ofisi, Kiswahili cha kuitana ndugu, na lugha za nyumbani kwa mambo ya ndani. Anaona, halafu anatusimulia yote kwa Kiingereza. Simlaumu. Mimi pia Kikamba changu kinaishia kwa salamu. Ila nilifika kwa susu siku ile nikaelewa bei ya jambo hilo.

Susu alinishika mikono miwili, akaniangalia, akaanza kuongea. Aliongea kama dakika tano hivi, akitikisa kichwa, akicheka mahali fulani, akinyamaza mahali pengine. Mimi nikawa wa "ndio, susu, ndio." Alipomaliza nikamgeukia binamu yangu.

"Amesema nini?"

"Amesema umekonda."

Dakika tano zote! Binamu hakuwa mwongo, alinipa tu kile kilichoweza kubebeka. Na hicho ndicho kinachotokea kila tunaposimulia ushago kwa lugha ya mjini. Kinachofika ni "umekonda".

Ndiyo maana kurasa za Kisoro ndizo bora kwangu. Huko Binyavanga yuko kwa wazazi wa mama, katikati ya damu yake mwenyewe, na bado ni mgeni. Mbele ya nyanya yake yule mwandishi wa maneno mengi anapunguza kasi. Anamtazama, anakaa naye. Hatafsiri kila kitu, na hapo ndipo ninapomwamini zaidi. Mwandishi wa safari asiyekiri kwamba kuna jambo limempita, mimi namshuku.

Blogu zetu nyingi za safari zingefaidika na somo hilo. Tunafika Lamu au Marsabit saa nne, na saa tano tayari tunawaeleza watu pako vipi: pazuri, watu wakarimu, chakula kitamu. Hakuna aliyetuuliza swali tukashindwa kujibu. Hakuna dakika tano zilizotupita.

Binyavanga alitutoka Mei 2019. Nilimaliza kumsoma mara ya tatu nikirudi Nairobi, simu ikiwa imezima, mibuyu ikipita dirishani. Sikuwa nimepiga picha hata moja ya susu. Siku hizi nampigia mama Jumapili, namwomba neno moja moja la Kikamba. Ananicheka, lakini ananipa. Nikirudi Desemba nataka nielewe angalau dakika moja kati ya zile tano.