Pipa la Daktari Kolff

Kabla ya udaktari, Willem Kolff alijifunza useremala. Tangu utotoni kule Uholanzi alishazoea msumeno na randa, na udaktari hakuutaka, kwani babake alikuwa tabibu wa kifua kikuu na mtoto alimwona akiteseka kila mgonjwa alipomfia. Bora simba wa bustani ya wanyama, alisema, kuliko kutazama watu wakifa.

Akawa daktari hata hivyo, akawatazama vilevile. Mwaka 1938, mjini Groningen, kijana wa miaka 22 alimfia kwa figo kushindwa kazi, na ni yeye aliyeenda kumwambia mama mtu. Kolff akapiga hesabu: gramu 20 za urea, uchafu wa damu, zingetolewa kila siku, yule kijana angeishi.

Vita vikaja, Wajerumani wakaikalia nchi, vifaa vikaadimika. Katika mji mdogo wa Kampen, yeye na Berk, mkurugenzi wa kiwanda cha vyombo vya enameli, wakaunda figo ya bandia: pipa la vipande vya mbao. Wakalizungushia selofani, ile inayofungia soseji, wakalilaza nusu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Pipa likizunguka, damu ilitelemka yenyewe ndani ya selofani kutoka mzingo hadi mzingo, na uchafu ukapenya kwenda majini. Ilibaki shida moja: bomba linalozunguka utaliunganishaje na lisilozunguka bila damu kuvuja? Jawabu Kolff alilipata kwenye pampu ya maji ya gari la Ford. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Daktari mwingine angeandika barua wizarani.

Karibu wagonjwa wote 15 wa mwanzo walikufa. Selofani zilipasuka, zikabadilishwa. Mwaka 1945 bibi wa miaka 67, aliyechukiwa mjini kwa kuwa upande wa Wajerumani, alitolewa kwenye usingizi wa mauti. Kolff alipenda kusimulia kuwa maneno yake ya kwanza yalikuwa ni kwamba atamwacha mumewe. Na akamwacha kweli.

Baada ya vita mapipa yale aliyagawa bure, London, Montreal, New York. Madaktari wa Boston aliwapa michoro, wakaunda lao na kuliboresha. Huko Marekani ndiko alikohamia baadaye, akageukia moyo wa bandia.

Leo wagonjwa wetu wa kusafisha damu hulala kando ya mashine nzuri kuliko aliyoiota Kolff, mara tatu kwa wiki. Lakini ikilia, muuguzi huinyamazisha kwa kidole na kusubiri fundi wa kampuni, na daktari hata hajui skrubu zake ziko wapi. Katika hospitali moja niliiona imefunikwa shuka, inangoja kipuri kutoka ng'ambo, na wagonjwa wamepunguziwa siku. Nyuma yake kuna karatasi iliyobandikwa: ukiifungua, dhamana imekwisha.