Neno "Jazi" katika Tafsiri

Katika makala zinazotafsiriwa kuhusu muziki wa Marekani wa miaka ya 1920, mfasiri huandika jazi, kisha huendelea na safari yake kana kwamba kazi imekwisha. Sisi tunaona kuwa hapo ndipo ilipopaswa kuanza. Tatizo si tahajia. Hata Wamarekani wenyewe waliyumba, na santuri maarufu ya mwaka 1917 ya Original Dixieland Jass Band inashuhudia hivyo. Tatizo ni kwamba neno hili lilikwisha kuingia kwetu zamani na kupewa kazi nyingine.

Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964. Bendi hizo hazikupata sifa kwa muziki wa aina ya Louis Armstrong. Zilipata sifa kwa dansi, ambayo ilichota sana katika rumba ya Kuba iliyoletwa na santuri na, baadaye, katika mitindo ya Kongo. Huko Kongo nako, OK Jazz ya Franco, iliyoanza mwaka 1956, ilijulikana kwa rumba. Jazz katika majina hayo maana yake ni bendi, basi.

Tuchukue mfano wa Arusha. Mwaka 1970 Wilson Kinyonga na mdogo wake George, waliokuwa wakipiga katika Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia mjini humo na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wakaanzisha Simba Wanyika mjini Mombasa. Mzee wa Nduruma aliyekuwa kijana wakati ule, akisomewa leo kwamba "jazi ilizaliwa New Orleans", ana haki ya kuuliza ni bendi ipi hiyo. Kwake jazi huundwa, huhama mji, huvunjika. Mjukuu wake aliye shuleni atapotoka kwa upande wa pili: atadhani vijana wale wa Tanga walikuwa wafuasi wa Armstrong. Mwalimu atawasahihisha wote wawili kwa kitabu gani?

Tunapendekeza, kwa hiyo, muziki wa jazi kwa aina ile ya Marekani, na bendi ya muziki wa jazi kwa wapigaji wake, hata kama sentensi itarefuka. Jazi peke yake iepukwe. Majina ya bendi zetu yabaki yalivyoandikwa. (Wapo wanaohofia mgongano na kitenzi kujazi, yaani kulipa thawabu. Hofu hiyo haina uzito.)

Lililo baya zaidi ni kule kufasiri ufundi wenyewe wa muziki huo kuwa "kupiga ovyo" au "kupiga bila kuandika". La kwanza ni tusi. La pili halitofautishi kitu, kwani wapigaji wengi wa dansi nao hawakusoma nota. Mpigaji wa tarumbeta anayetunga sauti mpya juu ya wimbo unaojulikana, wenzake wakishika mapigo, anabuni papo hapo. Na maneno hayo matatu mwanafunzi wa Nduruma anayaelewa bila kufungua kamusi.